Kasi Inayoishia Kwenye Ncha ya Panga



Tarehe 26 Aprili 1939, rubani Mjerumani Fritz Wendel alirusha ndege ya Messerschmitt Me 209 kwa kasi ya kilomita 755 kwa saa na kuweka rekodi. Tarehe 2 Septemba 2017, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, rubani Steven Hinton alirusha ndege iitwayo Voodoo kwa wastani wa kilomita 855 kwa saa kwenye mkondo wa kilomita 3. Voodoo ni P-51 Mustang, ndege ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyofanyiwa marekebisho makubwa. Zote mbili zinaendeshwa na injini ya pistoni na pangaboi. Kati ya Wendel na Hinton ilipita miaka 78, na kasi ikaongezeka kwa kilomita 100 tu.

Si kwamba watu walilala. Injini ya Merlin ya Mustang ilipotoka kiwandani ilitoa takriban nguvu za farasi 1,500 wakati wa kupaa. Mafundi wa mashindano ya ndege wameifikisha kwenye 3,000 na zaidi, kwa kuongeza shinikizo la supachaja na kunyunyizia maji yenye methanoli kwenye hewa inayoingia mitungini ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake. Nguvu imeongezeka maradufu, kasi imesogea kidogo. Sehemu ya maelezo mnaifahamu: nguvu inayohitajika kuishinda hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo anayetaka kasi maradufu anahitaji nguvu mara nane. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi kueleza miaka 78. Jibu lililobaki liko kwenye ncha ya panga la pangaboi, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Kwa wasioyafahamu mashindano haya: tangu 1964 hadi 2023, karibu kila Septemba, ndege zilishindana karibu na mji wa Reno, jimbo la Nevada, zikizunguka nguzo zilizosimikwa jangwani, chini kabisa, mbele ya macho ya maelfu ya watu. Mashindano hayo sasa yamehamia Roswell, New Mexico. Daraja la juu kabisa huitwa Unlimited, yaani lisilo na mipaka, na wafalme wake ni ndege za kivita za miaka ya 1940: Mustang, Bearcat, Sea Fury. Hupunguzwa ncha za mabawa, kibanda cha rubani hufanywa kidogo, kila kiungo cha bati husawazishwa na kung'arishwa. Mashindano huanza ndege zikiwa tayari angani, zimepangwa bega kwa bega na ndege ya kuongoza. Hilo lina maana kubwa kwa mhandisi wa pangaboi, kwa kuwa kuruka kutoka ardhini si sehemu ya shindano. Unaweza kuchagua pangaboi linalofanya kazi vibaya kwenye njia ya kurukia, mradi lifanye kazi vizuri kwenye kilomita 800 kwa saa.

Sasa tupige hesabu, na naomba wanafunzi wapige pamoja nami. Pangaboi la Mustang lina kipenyo cha mita 3.4. Merlin yake huzunguka mara 3,000 kwa dakika, lakini pangaboi halizunguki kwa kasi hiyo, kwa sababu katikati kuna gia yenye uwiano wa 0.479. Pangaboi hupata mizunguko 1,437 kwa dakika, karibu 24 kila sekunde. Ncha ya panga inakimbia katika duara kwa mita 256 kwa sekunde. Wakati huohuo ndege nzima inasonga mbele. Kwa kilomita 800 kwa saa, hiyo ni mita 222 kwa sekunde. Mienendo hii miwili imesimama wima mmoja kwa mwingine, kwa hiyo tunaijumlisha kwa kanuni ya Pythagoras, nayo inatupa mita 339 kwa sekunde. Kwenye joto la nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde. Maana yake, rubani akiwa bado mbali na kasi ya sauti, ncha za pangaboi lake zimefika asilimia 97 ya kasi hiyo.

Mafundi wa mashindano hawaridhiki na mizunguko 3,000. Tuseme wameifikisha 3,400. Ncha sasa inakata hewa kwa mita 365 kwa sekunde, yaani imeshapita kasi ya sauti. Hapo hewa haiwezi tena kupisha kwa utulivu. Mawimbi ya mshtuko yanajikusanya juu ya mgongo wa panga, hewa inabanduka, ukinzani unapanda ghafla, na nguvu iliyokuwa isukume ndege inageuka joto na kelele. Rubani anaongeza nguvu, saa ya shinikizo inapanda, kasi haipandi.

Tiba yake ni gia. Zipo Merlin zilizotengenezwa na uwiano wa 0.420 badala ya 0.479. Weka gia hizo, zungusha injini mara 3,400, na pangaboi litapata mizunguko 1,428, karibu sawa na lile la kiwandani. Ncha inarudi kwenye asilimia 97. Injini inapumua kwa kasi inayoitaka, panga linatembea kwa kasi linayoimudu. Ndiyo maana gia hizo ni mali ya thamani kubwa kwa watu wa mashindano, na nadhani zinastahili sifa kubwa kuliko ambayo pistoni na supachaja hupewa.

Lakini pangaboi linalozunguka polepole lazima lipokee nguvu ileile kwa mizunguko michache, na hapo linataka kushika hewa nyingi zaidi. Mvuvi wa ngalawa anajua kwamba kafi pana, likivutwa taratibu, humfikisha mbali kuliko kafi jembamba linalopigwa kwa pupa. Darryl Greenamyer, aliyekuwa rubani wa majaribio wa Lockheed, alilifanyia kazi jambo hilo kwenye Bearcat yake iitwayo Conquest I. Aliweka pangaboi la Douglas Skyraider, ndege nzito ya kubeba mabomu, na mbele yake akafunga kofia ya pangaboi iliyotoka kwenye P-51H. Tarehe 16 Agosti 1969 alifika kilomita 776 kwa saa na kuivunja rekodi ya Wendel iliyodumu miaka 30. Miaka ishirini baadaye, tarehe 21 Agosti 1989, Lyle Shelton alifika kilomita 850 kwa saa kule New Mexico kwa Bearcat nyingine, Rare Bear, aliyoinunua ikiwa mabaki ya ajali na kuifunga injini ya Wright R-3350.

Mafundi wa mashindano hawatengenezi mapangaboi mapya. Wanatafuta ya zamani, wanayachanganya, wanayakata ncha, wanayapiga tupa. Na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ufundi ulipo.

Panga la Hamilton Standard ni alumini iliyofuliwa, iliyojaa ndani mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unaweza kuliondolea nyama. Panga la chuma lenye uwazi ndani, kama la Aeroproducts, halikupi nafasi hiyo. Fundi anapopunguza unene wa ncha ya alumini ili mawimbi ya mshtuko yachelewe kuzaliwa, anacheza na nguvu za kutisha. Kwenye mizunguko 1,437, kila kilo iliyo sentimita 70 kutoka kitovuni inavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 1.6. Mwisho wa panga hali ni kali zaidi: fundi akiliacha panga moja na gramu 100 za ziada kwenye ncha kuliko wenzake, anaitikisa ndege kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 390, mara 24 kila sekunde. Jiwe dogo lililorushwa kutoka njia ya kurukia likichubua ukingo wa mbele, mkazo wote wa eneo hilo hukusanyika kwenye chubuko, na ufa huanzia hapo. Ndiyo maana fundi hupitisha kidole ukingoni kabla ya kila safari, na chubuko hulainishwa kwa tupa hadi lisihisike. Kidole cha fundi mzoefu ni kifaa cha upimaji, nami naomba karakana zetu zikiheshimu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa mitambo anapaswa kulijua kabla hajagusa pangaboi. Pembe ya panga hubadilishwa kwa shinikizo la oili, likiongozwa na kidhibiti kiitwacho gavana. Panga lenyewe, likizunguka, hupenda kujilaza bapa. Ni tabia ya uzito wake unaovutwa nje. Kwa hiyo oili ikikosekana, panga hulala. Na pangaboi lililolala bapa mbele ya ndege iendayo kasi ni ukuta.

Hilo lilimpata Steve Hinton, baba wa Steven niliyemtaja mwanzo. Ndege yake, RB-51 Red Baron, ilikuwa Mustang iliyofungwa injini ya Rolls-Royce Griffon na mapangaboi mawili yanayozunguka kinyume, moja mbele ya jingine, yaliyotoka kwenye ndege ya doria ya Shackleton. Tarehe 14 Agosti 1979, huko Tonopah, Nevada, ilifika kilomita 803 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia. Mwezi uliofuata, mwishoni mwa shindano la Reno, injini iliharibika, oili ikaisha, na mapanga yote yakalala. Ndege ikapoteza kasi kabla ya kuufikia uwanja na kuanguka jangwani. Hinton aliumia vibaya, akapona, akarudi kurusha. Kila niwasomeapo wanafunzi tukio hilo, huwa nawataka wachore mfumo wa oili kwanza, kabla ya mchoro wa panga.

Wala siwezi kuzungumzia mashindano haya bila kuwataja waliokufa. Septemba 2011 Mustang iitwayo Galloping Ghost iliangukia watazamaji. Rubani na watu 10 waliokuwa chini walipoteza maisha. Wachunguzi waliukuta mwanzo wake kwenye nati zilizochakaa za kibati kidogo cha mkiani. Ndege iliyosukumwa nje ya mipaka ya walioibuni inadai ukaguzi mkali kuliko ile ya abiria, na nasema hivyo nikiwa mpenzi mkubwa wa mashindano haya.

Mliosafiri na Dash 8 Q400 ya Air Tanzania mmeliona jibu la pili la tatizo hilihili. Pangaboi lake lina mapanga 6 na kipenyo cha mita 4.1, na likiwa angani huzunguka mara 850 tu kwa dakika. Ncha zake huwa mbali na kasi ya sauti, ndiyo maana mnaweza kuongea ndani.

Jibu la tatu liliwahi kujaribiwa. Mwaka 1987, NASA ilirusha pangaboi la Hamilton Standard lenye mapanga membamba yaliyopindwa nyuma kama jambia, likafungwa kwenye bawa la ndege ya Gulfstream II. Kupinda huko huifanya hewa ione panga kama lenye kasi ndogo, kwa sababu iletayo mshtuko ni ile sehemu ya mwendo inayougonga ukingo wima. Panga la namna hiyo halijawahi kushinda Reno mbele ya Merlin. Kanuni za Unlimited zinataka injini ya pistoni na pangaboi. Hazisemi panga liwe na umbo gani. Kinachozuia ni gharama ya kubuni kitovu na kulipima panga jipya kwa ajili ya ndege chache mno, na mtetemo wa pistoni, ambao ni mkali kuliko wa tabaini na unaweza kulivunja panga jembamba. Mtetemo huo unahesabika. Kompyuta zilizopo katika jengo hili zinatosha kuanza, na vipimo vya panga la Mustang nimewapa tayari.