Kusema bila Kuvua Stara: Mbinu za Mwili na za Kuakisi katika Tiba ya Kisaikolojia Kisiwani Pemba

1. Mbinu zenyewe

Tiba ya kisaikolojia huendeshwa zaidi kwa mazungumzo. Lakini zipo njia nyingine mbili. Mbinu za mwili huanzia kwenye pumzi, mkao, mwendo na sehemu inayobana. Mbinu za kuakisi humpa mtu kitu kisichokamilika, kama vile picha, mchanga au kisa kilichokatizwa, naye akikikamilisha hukitia hofu na matumaini yake. Hermann Rorschach, daktari wa Uswisi, alichapisha madoa yake ya wino mwaka 1921. Huko Marekani, Christiana Morgan na Henry Murray walitoa picha za kutungiwa visa mwaka 1935. Wilhelm Reich, mfuasi wa Freud aliyekuja kuachana naye, alifundisha kwamba misuli iliyokakamaa huwa ngao ya hisia zilizozuiwa.

2. Mwili unaosema

Kwa Mswahili wazo kwamba mwili hubeba hisia si geni. Jambo humkaa mtu kifuani, uchungu humkata maini, hofu humlegeza viungo. Mshauri hulifuata neno hilohilo: humwomba mteja aoneshe kwa mkono pale jambo lilipokaa, aeleze kama ni zito, la moto au linachoma, kisha avute pumzi taratibu huku nyayo zimetulia sakafuni. Mtu aliyelelewa kutosema “nina huzuni” huweza kusema “hapa panabana” bila kuona haya.

3. Stara na njia za pembeni

Kisiwani Pemba siri ya nyumba haitoki nje, na anayeitoa hujivunjia heshima yeye na jamaa zake. Hata hivyo, yapo mapito ya kusemea: jina la kanga, fumbo, ngano ya Sungura. Pito lenye nguvu zaidi ni ngoma ya pepo. Aliyepandwa huitwa kiti, na anayedai au kulalamika si yeye bali pepo, kwa mfano rubamba, anayehesabiwa kuwa wa Pemba. Wanaanthropolojia kama Linda Giles na Kjersti Larsen wameonesha jinsi mapepo ya pwani ya Waswahili yanavyoyagusa mahusiano ya watu. Mwanasaikolojia huweza kuona hapo mfano wa kuakisi, lakini kwa wenye imani hiyo pepo ni kiumbe kamili. Wapo pia Waislamu wengi wanaoikataa ngoma hiyo na kutafuta nafuu katika kisomo na kombe. Mshauri hana kazi ya kuamua nani kati yao yuko sahihi. Analojifunza hapo ni kwamba jambo zito husemeka likipata wa kulibeba.

4. Matumizi

Zoezi linalofaa ni mchoro wa mti wa maisha, uliobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia kwa watoto waliofiwa. Mizizi ni asili, shina ni uwezo, matawi ni matumaini, majani ni watu wa karibu. Pemba mti huo huweza kuwa mkarafuu. Kwa kuwa mkarafuu huzaa sana msimu huu na kupunguza mwingine, mteja hupata lugha ya kuieleza miaka yake ya dhiki.

Asiyependa kuchora huweza kupanga makome na vijiti katika sinia la mchanga, njia aliyoianzisha Margaret Lowenfeld jijini London mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika kundi la wanawake, kusuka ukili huishughulisha mikono na macho. Maneno hutoka bila mtu kutazamwa usoni.

Bahari kama mada ya mchoro haipendekezwi ovyo. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikaacha misiba katika nyumba nyingi. Kumwambia aliyefiwa achore jahazi bila kumwandaa kwaweza kuurudisha usiku ule mzima.

5. Mipaka

Tathmini ya Scott Lilienfeld na wenzake ya mwaka 2000 ilionesha kwamba vipimo vingi vya kuakisi vina ushahidi hafifu. Kwa hiyo mtu akichora nyumba isiyo na mlango, hilo halithibitishi ugonjwa, wala mchoro wa mtoto si ushahidi wa kudhulumiwa. Mshauri huuliza, “Nyumba hii ina habari gani?” na mwenye mchoro ndiye anayejibu.

Mguso kati ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu huepukwa. Zoezi la mwili hufanywa kwa maelekezo ya mdomo, na mteja ana haki ya kulisimamisha wakati wowote. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii au anayetaka kujidhuru hupelekwa kwa daktari.

Mwisho ni hifadhi. Mchoro haubandikwi ukutani wala haupigwi picha ya simu bila idhini. Mteja huondoka nao, au mchoro hufungiwa kabatini. Sinia la mchanga husawazishwa na aliyelipanga, kwa mkono wake mwenyewe, kabla mlango haujafunguliwa.