Mashauri Matatu Yanayomlinda Mtumishi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Katindiuka



Nimepewa kazi ya kusema juu ya mashauri yaliyoweka njia katika mambo ya kuachishwa kazi. Nitataja matatu tu, maana machache yaliyoshikwa vema yafaa kuliko mengi yaliyosahauliwa.

Katika Tanganyika, chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mtumishi aliyetoroka kazini aliweza kutiwa gerezani. Basi tumetoka mbali.

Shauri la kwanza ni la Uingereza, Ridge na Baldwin. Bwana Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton. Alishtakiwa kwa njama, akaonekana hana hatia. Hata hivyo, mwaka 1958 kamati ya mji ikamfukuza bila kumwita ajieleze, akawa hatarini kupoteza malipo ya uzeeni. Mwaka 1963 Baraza la Malordi likaamua kwamba kufukuzwa huko ni bure, kwa kuwa hakusikilizwa kwanza.

La pili ni la Kukutia Ole Pumbun, mwaka 1993, katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kabla ya hapo mtu hakuweza kuishtaki Serikali ila kwa idhini ya Serikali yenyewe. Mahakama ikasema sharti hilo lapingana na Katiba. Shauri hili halikuwa la kazi. Lakini mtumishi wa Serikali atamshtaki nani akionewa, ila mwajiri wake?

La tatu ni la James Gwagilo, lililoamuliwa Dodoma na Jaji Mwalusanya, likachapwa katika ripoti za sheria za mwaka 1994. Mtumishi huyu alistaafishwa kwa manufaa ya umma, asielezwe kisa. Jaji akaamua kwamba sababu sharti zitolewe. Ndivyo ilivyo haki, kwani mtu atalijibuje neno asilolijua?

Leo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mambo mawili pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki, na mwenye kuthibitisha ni mwajiri. Lakini angalieni siku. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtumishi wa umma naye, tangu mwaka 2016, sharti amalize kwanza njia za rufaa zilizomo katika sheria ya utumishi wa umma. Anayekaa nyumbani akinung'unika hupoteza haki yake kwa kalenda tu.

Neno la mwisho ni letu sisi makarani. Barua ya kumfukuza mwenzetu hupita mikononi mwetu. Tukiona haina sababu, au jaladani hamna maelezo ya mshtakiwa, tumkumbushe mkubwa wetu kwa adabu kabla hajatia sahihi. Kufanya hivyo si ukaidi. Ni kumkinga yeye na mahakama, na kumkinga mwenzetu na njaa.