Kabla ya Kutuma Maombi: Maandalizi ya Mwalimu wa Kiingereza Anayetaka Kufundisha Ng'ambo



Wengi wetu tukitafuta kazi ng'ambo huanza na tangazo. Tunaona mshahara, tunatuma wasifu, tunasubiri. Rai yangu ni kwamba tuanze na sheria ya viza ya nchi tunayoitaka, kwa kuwa mwajiri hawezi kukupa kile ambacho uhamiaji wa nchi yake umekunyima.

Chukueni Korea Kusini. Viza ya E-2, inayotumiwa na walimu wa lugha, kwa somo la Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwalimu wa Morogoro au Kisii mwenye shahada na uzoefu wa miaka mingi hapiti hapo, hata kama anafundisha vizuri kuliko kijana wa London aliyemaliza chuo jana. Huo ni ubaguzi wa pasi za kusafiria, na si haki. Lakini akiujua mapema ataokoa ada na muda wake. Thailand mlango uko wazi zaidi: asiyetoka nchi hizo huombwa shahada pamoja na matokeo ya mtihani kama TOEIC au IELTS. Wala tusiwasahau majirani. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, na mwaka 2022 ilipokea walimu kutoka Zimbabwe.

Ukishajua nchi, toa vyeti vyako vyote uvipange mezani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, pasi ina ubini wa mume. Mtaani kila mtu anajua ni mama yule yule. Ofisa wa viza anaona watu watatu. Kiapo mbele ya wakili au hakimu hutosha kwa tofauti ndogo, lakini jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Yote haya yafanyike kabla ya kuthibitisha vyeti Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini. Ukigundua kosa baada ya mihuri kugongwa, unarudi mwanzo na unalipa tena. Cheti cha tabia njema cha polisi, kinyume chake, usikiwahi mno: nchi nyingi hutaka kilichotolewa miezi michache tu iliyopita. Matokeo ya IELTS nayo hukubalika kwa miaka miwili.

Kuhusu mafunzo, ukiwa na uwezo chagua kozi inayokusimamisha mbele ya wanafunzi. CELTA ya Cambridge ina takriban saa 120, na kati yake saa sita unafundisha huku ukitathminiwa. Cheti kinachopatikana mtandaoni kwa wikendi moja hakikuandai kwa usaili, ambako mara nyingi utaambiwa ufundishe dakika chache mbele ya kamera. Sisi tumezoea darasa la watoto sabini wanaoitikia kwa pamoja. Msaili anataka kuona mwanafunzi mmoja mmoja akizungumza zaidi kuliko mwalimu. Fanya mazoezi ya hilo kuanzia kipindi chako cha kesho.

Tena, wakala akikwambia uingie kwa viza ya utalii halafu "mambo yatarekebishwa huko huko", kataa. Dai mkataba ulioandikwa kabla ya kulipa nauli, na uhakiki usajili wa wakala: Tanzania uliza kitengo cha huduma za ajira, TaESA, Kenya uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Nauomba uongozi wa semina utenge saa moja mchana huu ili kila mwalimu alinganishe majina kwenye vyeti vyake, herufi kwa herufi, na mawakili waliopo hapa wawasaidie wenye tofauti.