Kilichobaki Kwenye Kumbukumbu: Thamani ya Kisayansi ya Upimaji wa Anga kwa Darubini za Redio



Wanaotoa fedha za utafiti hupenda kuuliza: mnatafuta nini? Wana haki ya kuuliza. Ila kwa kazi ya kupima anga nzima kwa darubini za redio, jibu la kweli mara nyingi ni kwamba bado hatujui. Hoja yangu leo ni kuwa faida kubwa ya upimaji huu imo katika data inayohifadhiwa, kuliko hata katika swali lililouanzisha.

Nitatumia mfano wa Parkes, darubini ya Australia yenye dishi la upana wa meta 64. Ilifungwa kipokezi kinachotazama sehemu 13 za anga kwa mkupuo, ikapewa kazi ya kusaka pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Mwaka 2001 ilielekezwa kwenye Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo ambazo hata sisi wa pwani huziona upande wa kusini kukiwa na giza la kutosha. Data ikachambuliwa, ikawekwa. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake wakatangaza kwamba humo mlikuwa na mpigo mmoja wa pekee, usiofika milisekunde 5. Aliyeugundua, akiipekua upya data ile, alikuwa David Narkevic, mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Mawimbi ya redio yanapopita katikati ya elektroni, yale ya masafa ya chini huchelewa kufika. Masafa ya chini ya mpigo ule yalichelewa kupita kiasi ambacho elektroni za galaksi yetu zingeweza kusababisha. Kwa hiyo ulitoka mbali sana nje yake.

Wengi walitia shaka, na hawakukosea kufanya hivyo. Parkes ilikuwa ikinasa pia mipigo mingine ya kutatanisha, ambayo mwaka 2015 ilibainika kutoka kwenye maikrowevu za kituoni, mlango ukifunguliwa kabla muda haujaisha. (Wenye njaa ya haraka hawakosekani popote.) Hata hivyo mipigo halisi ilikwisha kuonekana kwingine, na mwaka 2021 darubini ya CHIME ya Canada ilichapisha orodha ya mipigo 536. Mwaka mmoja kabla, watafiti waliotumia darubini ya ASKAP ya Australia walitumia kuchelewa kulekule kupima maada ya kawaida iliyotawanyika baina ya galaksi, ambayo wanaastronomia walikuwa wakiikosa kwa miaka mingi.

Magazeti yakiandika juu ya upimaji wa anga hupenda idadi: vyanzo vya mawimbi ya redio milioni 1.8 katika upimaji wa NVSS wa Marekani wa miaka ya 1990, milioni 4.4 katika ule wa darubini ya LOFAR ya Ulaya uliotangazwa mwaka 2022. Mimi natazama zaidi tarehe. Chanzo kilichokuwapo wakati ule na sasa hakipo ni habari ambayo darubini mpya peke yake haiwezi kutupa.

Darubini za SKA zinajengwa Afrika Kusini na Australia, na Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Kiafrika. Tusizisubiri. Data ya NVSS na ya ASKAP iko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Naomba idara zetu za fizikia ziwape wanafunzi wa shahada ya kwanza data hiyo kama kazi ya mradi, kuanzia mwaka huu wa masomo.