Mafuta ni Adui wa Mpira



Fundi wa baiskeli aijuaye kazi yake haruhusu grisi wala mafuta ya taa kugusa tyubu. Anafahamu kwamba mpira uliolowa mafuta huvimba, hulegea, na mwisho wake hupasuka safari ikiwa bado mbichi. Elimu hiyo hakuipata darasani. Ameipata kwa kuona tyubu za wateja zikiharibika mikononi mwake. Ni ajabu basi kwamba elimu hii, ambayo kila kijiji kinayo chini ya mwembe wa mafundi wake, haijahamishiwa vya kutosha kwenye mpira mwingine, ambao kupasuka kwake hakuishii katika kusukuma baiskeli hadi nyumbani.

Mpira huo ni kondomu. Nyingi za kiume hutengenezwa kwa utomvu mweupe wa mti wa mpira, mti wa jamii ile ile iliyopandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro. Utomvu huchanganywa na salfa na dawa nyinginezo, kisha vigezo vya kioo huchovywa humo na kupashwa joto, hata upatikane utando usiofikia sehemu moja ya kumi ya milimita. Wembamba huo usimdanganye mtu. Kwa kipimo cha kimataifa, kondomu ya upana wa kawaida haina budi iweze kujazwa hewa ya lita 18 kabla ya kupasuka, na sampuli za kila toleo la kiwandani hupimwa hivyo. Lita 18 ni kama debe zima. Kitu kinachoingia katika mfuko wa shati hubeba debe la hewa!

Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha jambo ambalo lingalistahili kubandikwa katika kila zahanati. Walizipaka kondomu za mpira mafuta ya madini, yaani jamii ya mafuta ambayo kwayo hutengenezwa mafuta ya watoto na mafuta ya mgando ya kujipaka, kisha wakazitia katika kipimo kile kile cha hewa. Kwa kuguswa na mafuta hayo muda wa sekunde 60 tu, nguvu za kondomu zilipungua kwa asilimia 90 hivi. Macho hayakuwa na haja ya kuona tundu lolote. Kiwanda kilikuwa kimetimiza wajibu wake, na dakika moja ikaifuta kazi yote.

Sasa na aitazame kila mmoja nyumba yake mwenyewe. Kuna mafuta ya nazi jikoni, au ya alizeti, au samli, kuna mafuta ya mgando dirishani kwa ajili ya ngozi ya watoto, kuna losheni. Mwananchi aliyeambiwa atumie kondomu, akaona ukavu na maumivu, hunyoosha mkono akachukua kilicho karibu. Hakuna alichokosea kwa kadiri ya elimu aliyopewa. Alipewa nusu ya ujumbe, naye akaitimiza nusu hiyo kwa uaminifu.

Hapana budi kusema kwamba nusu iliyotolewa ilitolewa kwa bidii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tarehe 31 Desemba, 1999, Rais Benjamin Mkapa aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Uchunguzi wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta asilimia 7 ya watu wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Ule wa mwaka 2022 na 2023, uliowahesabu wote wa miaka 15 na kuendelea nchini kote, ulikuta asilimia 4.4. Hayo si mafanikio madogo. Lakini katika miaka yote hiyo mabango yalisema tumia kondomu, yakanyamaza hapo. Wataalamu wa uzazi hukadiria kwamba kati ya wanawake 100 ambao kinga yao ni kondomu inayotumiwa kila mara na kwa usahihi, wawili hupata mimba katika mwaka mmoja. Katika matumizi ya kawaida ya watu wa kawaida hufika 13. Wengi katika tofauti hiyo ni wale wanaoiacha siku nyingine. Lakini wamo pia waliopasukiwa.

Kuna wanaodhani kwamba kilainishi ni anasa. La hasha. Mama anayenyonyesha hupungukiwa na ute kwa sababu vichocheo vya mwili wake vimeshuka. Mwanamke aliyekoma hedhi hupatwa na hali iyo hiyo, na aghalabu haimwachi. Dawa kadhaa za hospitali huleta ukavu. Hakuna hata moja kati ya haya iliyo dalili ya kutompenda mume, ingawa ndoa ngapi zimeingia ugomvi kwa kuidhania hivyo! Aidha watafiti wameandika kuhusu desturi, huko Zambia, Zimbabwe na Malawi, ya kuukausha uke kwa dawa za miti au kwa kitambaa ili kumridhisha mwanamume. Ukavu wa namna hiyo huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka huwa mlango wa virusi. Tena huongeza msuguano unaoipasua kondomu. Hali kadhalika, njia ya haja kubwa haitoi ute wa kutosha wa kulainisha, na wenye kujamiiana kwa njia hiyo, wakiwamo mume na mke, wamo katika hatari kubwa zaidi wanapokosa kilainishi kifaacho.

Hapa ndipo jambo lilipopata uzito wake nchini. Mwezi Julai, 2016, serikali ilitangaza kupiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa na mashirika, kwa maelezo kwamba vilikuwa vikichochea mapenzi ya jinsia moja. Sheria za nchi zina mahali pake pa kujadiliwa. Lakini matokeo ya tangazo lile hayakuishia kwa wale waliokusudiwa. Neno lenyewe likaanza kunuka tuhuma, na mama wa miaka 50 mwenye maumivu akawa na sababu moja zaidi ya kutomwuliza mganga wa zahanati. Utando wa mpira haumtambui mwenye kuutumia. Huulizwa na mafuta tu, na kila mara hujibu kwa kupasuka. Mtumishi wa afya anayekwepa kulisema jambo hili kwa kuogopa kudhaniwa vibaya anaiacha hatari mahali pake, akiondoa onyo peke yake.

Vilainishi vifaavyo kwa kondomu za mpira ni vile ambavyo asili yake ni maji, au silikoni. Hivyo haviuli mpira. Tone moja au mawili hutiwa nje ya kondomu ikiwa imekwisha kuvaliwa, na huongezwa pindi ukavu unaporejea. Kikijazwa ndani kwa wingi, kondomu huweza kuvuka. Mate hayaharibu mpira, ila hukauka upesi mno. Kondomu nyingi za kike za siku hizi, ingawa si zote, ni habari nyingine kabisa: hazitengenezwi kwa utomvu wa mti bali kwa mpira wa kiwandani uitwao naitraili, ambao hauharibiwi na mafuta. Hilo ni jambo la faida kubwa kwa nyumba isiyo na kitu ila mafuta ya nazi, na ni ajabu kwamba hutajwa mara chache hivyo.

Kwa maafisa ugavi, neno moja. Si kila chupa yenye jina la kilainishi ni salama. Nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume iliyokuwa ikichanganywa humo, ilitumainiwa kuua virusi pia. Mwaka 2000, katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban, ikatangazwa kwamba majaribio yaliyowahusisha wanawake wa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand hayakuonyesha kinga yoyote, na walioitumia sana waliambukizwa zaidi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo kuhusu ukolezi na uchachu wa vilainishi, kwa kuwa kilicho kikali mno hunyonya maji ya ngozi laini na kuidhuru. Mwenye kuandaa zabuni na ausome mwongozo huo kabla ya kulinganisha bei.

Ni kweli kwamba leo mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri, hata virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hiyo ni neema. Lakini dawa hizo hazizuii kaswende, wala kisonono, wala mimba isiyotarajiwa, na wako wengi ambao hawajapima.

Mwalimu wa baiolojia ambaye anaona haya kuyataja yote haya mbele ya wanafunzi wakubwa anaweza kuanza na maputo mawili, kwa kuwa maputo ya kawaida nayo hutokana na utomvu ule ule. Ayajaze hewa mpaka yakaze. Moja alipake mafuta ya watoto, la pili alipake maji, kisha aendelee na somo lake kama kwamba hakuna kitu. Aghalabu baada ya dakika chache darasa zima litashtuka, na maswali yatakuja yenyewe.