Mikoko na Mawimbi

Jioni hii nitasema nanyi habari za mikoko. Najua yuko mzee atakayeuliza, "Mwalimu, sisi watu wa bara, mawimbi yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kuagana.

Chukueni karai pana, mtie maji, kisha myasukume kwa ubao. Wimbi litapiga ukingo wa pili kwa nguvu. Sasa simamisheni vijiti vingi katikati, mkivikita katika udongo wa mfinyanzi, msukume tena. Wimbi litapita, lakini litafika limechoka, kwa maana kila kijiti kimelinyang'anya nguvu kidogo.

Ndivyo ilivyo pwani. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya kaa. Mchu nao huchomoza mizizi kama vidole, upate kuvuta pumzi katika tope. Maji yapitayo humo hupunguza mwendo, tope hutua, na ufuo huinuka. Wataalamu waliopima wameona kwamba msitu wa mikoko wenye upana wa mita 100 waweza kupunguza urefu wa mawimbi kwa sehemu 13 hadi 66 katika mia, kwa kadiri ya wingi wa miti na kina cha maji. Lakini tufani ikiijaza bahari, msitu wa kilometa nzima hupunguza kina cha maji kwa sentimeta 5 hadi 50 tu. Basi mikoko ni ngao, wala si ukuta.

Sasa nimjibu mzee wangu. Mto Pangani hupita Korogwe kabla ya kufika baharini, na mto Msangasi huchukua maji ya Handeni hadi pwani. Oktoba 2019 mvua kubwa iliikata barabara ya Korogwe na Handeni. Maji ya mafuriko huwa mekundu, na wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu. Tope kidogo hulisha mikoko; tope jingi lijapo kwa ghafla huvizika vile vidole, mchu ukafa kwa kukosa pumzi. Hivyo jembe la bara laweza kuangusha ngao ya pwani, nasi wenyewe tukabaki na mawe shambani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu zenye kudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nakiri kwamba bustani yangu ya mboga ilifika majini kabisa. Nimerudi nyuma, na mahali pale nimeyaacha matete yaote. Mchicha umepungua, lakini ukingo haumeguki tena kama zamani.

Mwenye shamba kando ya mto na aende kesho akalitazame. Kwaherini.