Namba Isiyo na Faida

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katika ajenda ya leo limo pendekezo kwamba fedha za mfuko wetu zinunue vitabu vya masomo yenye faida tu, na hisabati za juu zingoje. Mimi ni mtumishi wa serikali, najua bajeti ni nini. Lakini kabla hatujapiga kura naomba niwaeleze habari za namba moja: 2,147,483,647.

Andika 2 mara thelathini na moja, zizidishe zote, kisha toa 1, utaipata. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, huko St. Petersburg, mwaka 1772, naye macho yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Kwa njia ya kawaida ingembidi ajaribu kila namba tasa mpaka kufikia 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Yeye alionyesha kwanza kwamba kigawo chake cho chote, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 hakina budi kubakiza 1 au 63. Namba za kujaribu zikapungua, hazikufika 400. Hakuna hata moja iliyoigawa. (Maofisini kwetu huanza jasho, kufikiri kukafuata.)

Namba hii huzaa nyingine, iitwayo namba kamilifu, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kamilifu hiyo yaelekea haitapata kupitwa, maana mambo haya ni ya kustaajabisha tu, hayana faida, na hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alijisumbua, akathibitisha namba tasa yenye tarakimu 39.

Na faida je? Tukitaka kuchagua kaya za kuhojiwa bila upendeleo, twahitaji namba za bahati nasibu, na kompyuta haiwezi kurusha shilingi. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walieleza njia kwa kompyuta za IBM: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki, endelea na baki hilo vivyo hivyo. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na 16,807 imechaguliwa vema, utapita namba 2,147,483,646 kabla ya kurudia ya kwanza. Kingekuwa na vigawo, mzunguko ungejifunga mapema. Siku hizi zipo njia bora zaidi, lakini hiyo ilifanya kazi miaka mingi.

Kwa hiyo napinga pendekezo, na naomba kura zenu.

Vijana, ninyi hampigi kura, basi shikeni kalamu. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047. Kwa kanuni ya namna ile ile, kila kigawo chake kikigawanywa kwa 22 hubakiza 1. Anzeni na 23.